Hivi komiki za Marekani zimewahi kugeuza siasa yao kweli, au tunazipa sifa zisizo zake?

Mzawa_wa_Keko
Wakuu heshima mbele.

Juzi nimebishana na mdogo wangu mpaka chai ikapoa. Yeye anasema komiki ni vitu vya watoto, haviwezi kumfanya mtu abadili msimamo wake wa siasa hata siku moja. Nikamwambia dogo hujui, Marekani kuna kijitabu cha katuni kilitoka mwaka 1957, kurasa 16 tu, bei senti 10, kinasimulia Martin Luther King na ule mgomo wa Montgomery, Alabama, watu weusi walipogomea mabasi ya kibaguzi. Walikitoa jumuiya ya wapenda amani inaitwa Fellowship of Reconciliation, zikachapwa nakala kama 250,000, zikawa zinapita makanisani na mashuleni huko kusini. Mwanzo ni simulizi, Rosa Parks, watu kutembea kwa miguu, hayo mnayajua. Ila kurasa za mwisho ndo penyewe sasa, zinafundisha kabisa namna ya kugoma bila kurusha ngumi, kwamba ukitukanwa ufanyeje, ukipigwa ufanyeje. Ni mafunzo yale, siyo hadithi.

Kijana mmoja wa Alabama, mtoto wa wakulima wa shamba la kukodi, akakisoma. John Lewis huyo. Mwaka 1965 ndo akapasuliwa kichwa na polisi pale darajani Selma akiandamana kudai haki ya kupiga kura, baadae akaja kuwa mbunge wa Georgia zaidi ya miaka 30 mpaka anafariki 2020.

Mdogo wangu kanijibu hivi, "angekisoma asingekisoma, angeandamana tu". Nimekosa jibu. Nyie mnaojua haya mambo nisaidieni, komiki inasukuma siasa au inasukumwa?

Kizibo
Mi niko na mdogo wako mkuu. Lewis alishamsikia King redioni toka 1955, na alikulia kanisani, mtoto alikuwa anahubiria kuku wa kwao. Kijitabu kimemkuta yuko njiani tayari. Mtu mwenye kiu ukimpa maji huwezi kusema kikombe ndo kilimpa kiu.

BintiUkwaju
Asalaam alaykum jamani, uzi mzuri huu.
Mimi naona komiki za kule ni mkono wa serikali toka zamani. Si yule Captain America walimtoa baada ya Wajapani kupiga Pearl Harbor, akachorwa anampiga Hitler ngumi ili vijana wakajiandikishe jeshini? Serikali inataka vita, wachoraji wanatumwa kazi. Sasa hapo nani kamsukuma nani.

Fundi Rangi
BintiUkwaju dada yangu samahani hapo umegeuza tarehe, na tarehe yenyewe ndo utamu wote ulipo.

Toleo la kwanza la Captain America liliingia mtaani Desemba 1940. Pearl Harbor ni Desemba 1941. Mwaka mzima kabla! Wakati ule Marekani haikuwa vitani na Wamarekani wengi hawakutaka hata kusikia habari za vita ya Ulaya. Na siyo hivyo tu, palepale New York Februari 1939 wafuasi wa Kinazi wenye asili ya Kijerumani walijaza ukumbi wa Madison Square Garden, watu kama 20,000, bendera za swastika na picha kubwa ya George Washington katikati. Sasa kwenye mji huohuo vijana wawili wa Kiyahudi, Joe Simon na Jack Kirby, wanachora steringi aliyevaa bendera ya Marekani anamtandika Hitler taya. Hakuna aliyewatuma.

Nina picha ya hiyo kava nimeihifadhi kwenye simu, naiangalia sana. Captain America kaingia kwa kuruka, ngumi ya kulia imeshafika kwenye taya, Hitler anaanguka kinyumenyume. Askari wanamfyatulia risasi mmoja imegonga ngao. Chini pametupwa ramani ya Marekani na karatasi za mipango ya hujuma, ukutani kuna kioo kama cha televisheni kinaonyesha mtu analipua kiwanda cha silaha cha Marekani. Pembeni chini kwenye duara kuna dogo Bucky anapiga saluti. Yani kila kona ya ile picha inamwambia mtoto mwenye senti 10, hii vita ni yako na imeshafika kwenu.

Na walilipia. Simon alisimulia kwamba zilikuja barua za matusi na simu za vitisho, watu wasioeleweka wakawa wanazurura nje ya ofisi mpaka wafanyakazi wanaogopa kwenda kula mchana. Meya wa New York, La Guardia, akapiga simu mwenyewe kuwaahidi ulinzi. Mtu hatishiwi maisha kwa kitu kisicho na nguvu.

Kizibo
Fundi Rangi kaka mbona kava yenyewe imeandikwa Machi 1941? Hiyo Desemba umeitoa wapi

Fundi Rangi
Kizibo hiyo ni kawaida yao, walikuwa wanaandika mwezi wa mbele makusudi ili muuza magazeti asilitoe mezani mapema akidhani limepitwa. Toleo la kwanza la Superman nalo linasoma Juni 1938 ila lilitoka mapema kuliko hapo. Hata tukichukua Machi yako bado ni miezi tisa kabla ya Pearl Harbor, hukwepi hapo.

BintiUkwaju
Ahsante Fundi nimesahihishika. Ila nabaki na hoja yangu nusu, vita ilipoanza komiki zote ziliingia mstari. Wajapani wakachorwa meno kama panya na macho ya mshazari. Na watu wenye asili ya Kijapani zaidi ya laki moja, wengi wao raia wa Kimarekani, wakatiwa kambini. Watoto waliokuwa wanasoma zile picha kila wiki walizoea nini? Tukihesabu ngumi ya Hitler tuhesabu na hiyo.

Fundi Rangi
Hapo sina la kujibu, ni kweli tupu.

Simbamawe
Mbona hamumtaji Superman mwenyewe aliyeiangusha Ku Klux Klan, lile kundi la siri la wazungu wabaguzi? Mwaka 1946 kuna jamaa aliingia ndani ya KKK kwa siri akachukua maneno yao ya siri ya kutambuana akawapa watu wa Superman wakayaweka kwenye komiki, watoto nchi nzima wakawa wanayachezea mtaani, Klan ikakosa wanachama. Baba zao wanarudi kutoka mkutanoni wanakuta watoto wanatamka mambo yao ya siri. Komiki hiyo iliua chama kizima wakuu.

MwalimuTosha
Simbamawe hadithi tamu ila ina matobo mawili na nitayaziba kwa heri.

La kwanza, ile haikuwa komiki, ilikuwa mchezo wa redio wa Superman, kipindi kirefu cha vipande 16 mwaka 1946, kinahusu familia ya Kichina iliyoshambuliwa na kikundi kinachofanana na Klan. La pili, habari ya maneno ya siri inatokana zaidi na masimulizi ya yule jamaa mwenyewe, Stetson Kennedy, na watafiti waliofuatilia makaratasi yake baadae walikuta ameunganisha kazi ya mtu mwingine na yake. Mchezo ulikuwepo na ulikuwa wa kishujaa, ila kusema ndo ulioiua Klan hapana, Klan iliendelea kuua watu miaka ya 50 na 60.

Kama unamtaka Superman wa siasa rudi 1938. Siegel na Shuster, vijana wa Cleveland, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, wakati nchi iko kwenye njaa ya ule mdororo mkubwa. Superman wao wa mwanzo hapigani na majitu ya angani. Anamkaba mume anayempiga mke, anamfukuzia mshawishi anayemhonga seneta ili nchi iingie vitani, anamfungia tajiri wa mgodi ndani ya mgodi wake mwenyewe aone wachimbaji wanavyokufa. Ni Superman wa mlalahoi. Halafu Februari 1940 jarida la Look likawaomba waonyeshe Superman angemalizaje vita, wakamchora anamkamata Hitler na Stalin anawapeleka Geneva kwenye mahakama. Gazeti la SS, kikosi cha Wanazi kule Ujerumani, likakasirika, likaandika makala nzima kumtukana Siegel kwa Uyahudi wake. Gazeti la kikosi cha Hitler linajibizana na katuni!

Haki zote za Superman waliziuza dola 130. Hilo huwa linaniuma kila nikilikumbuka.

Simbamawe
Mwalimu umenivua nguo mchana kweupe. Ila dola 130??? kwa Superman???

MwalimuTosha
130, wakagawana wawili.

Sasa nataka nirudi kwa Mzawa maana swali lake ni zito na jibu langu liko mwaka 1954, mwaka ambao watu wengi wanausimulia nusu.

Kulikuwa na daktari wa akili, Fredric Wertham, mzaliwa wa Ujerumani. Akaandika kitabu kwamba komiki zinawaharibu watoto, zinawafanya majambazi. Seneti ikaitisha vikao New York, Aprili 1954, televisheni zinaonyesha. Mchapishaji wa komiki za kutisha, William Gaines, akaenda mwenyewe kujitetea. Seneta Kefauver akainua kava moja, mwanaume ana shoka lina damu mkono mmoja, mkono wa pili kashika kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamuuliza hii unaona ina staha? Gaines akasema ndiyo, kwa komiki ya kutisha, ingekosa staha kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi damu ya shingo ikaonekana. Jamani. Magazeti ya kesho yake yalimmaliza.

Wachapishaji kwa hofu ya kutungiwa sheria wakajitungia kanuni zao, Comics Code, na muhuri. Bila muhuri wasambazaji hawachukui mzigo wako. Watu wanakumbuka kwamba ilikataza mazombi na damu. Someni na sehemu nyingine: ilikataza polisi, majaji na viongozi wa serikali kuonyeshwa kwa namna itakayoleta dharau kwa mamlaka. Hapo ndo siasa. Superman yule wa mwanzo aliyekuwa anamkaba mla rushwa hakuwa na nafasi hapo.

Nataka mlione na hili kwa karibu. Gaines mwaka 1953 alitoa hadithi ya kurasa saba, mkaguzi kutoka duniani anakwenda sayari ya maroboti kuona kama inafaa kuingia kwenye umoja wa nyota. Anakuta maroboti ya rangi ya machungwa yanakaa mbele ya basi, ya bluu nyuma, wakati ndani vyuma ni vilevile. Anawaambia bado hamjafikia. Picha ya mwisho anavua helmeti, ni mtu mweusi, na jasho usoni linameremeta kama nyota. Gaines alipotaka kuirudia 1956 msimamizi wa Code, jaji wa zamani Charles Murphy, akasema mtu huyo hawezi kuwa mweusi. Gaines akagoma. Basi angalau jasho litoke. Gaines akagoma tena, akatishia kuanika kila kitu. Hadithi ikatoka na jasho lake. Ikawa komiki yake ya mwisho, akabaki na jarida lake la vichekesho tu.

Kwa hiyo Mzawa mwambie mdogo wako, kama komiki hazina nguvu, jaji mzima alikuwa anagombania nini na matone ya jasho?

BintiUkwaju
Huyo Wertham laana imfikie alipo

MwalimuTosha
Taratibu dada, Wertham ndo mtu mgumu kuliko wote kwenye hii hadithi. Mwaka 1946 alifungua kliniki ya akili Harlem, mtaa wa watu weusi New York, chini ya kanisa, kwa watu weusi ambao hospitali nyingi hazikuwataka, malipo senti 25 kwa mwenye nazo. Ushahidi wake kuhusu namna shule za kutengana zinavyoumiza watoto ulitumika kwenye kesi ya Delaware, moja ya zile zilizounganishwa kwenye Brown, kesi ya Mahakama Kuu iliyovunja ubaguzi mashuleni Mei 17, 1954. Hesabu mwenyewe, vikao vya komiki Aprili, hukumu ya Brown Mei. Mtu mmoja, mwezi mmoja. Na alizilaumu komiki pia kwa kuwachora watu weusi kama washenzi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Ila mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, aliyepitia makabrasha yake, alitoa utafiti kwamba amebadilisha maneno ya watoto, amechanganya kesi mbili zikawa moja, amekata sehemu zisizomfaa. Alikuwa anawapenda watoto wale na bado akawasemea wasichosema. Sijui nimweke fungu gani, nimemfundisha darasani miaka sita na kila mwaka wanafunzi wanagawanyika.

Dada Mkutubi
Habarini. Nimesoma kimyakimya toka juu ila Mwalimu umenigusa.

Mimi ni mkutubi wa shule jimbo la kusini huku Marekani, mwaka wa tisa sasa. Hayo ya 1954 hayajaisha. Januari 2022 bodi ya shule ya kaunti ya McMinn, Tennessee, ilipiga kura 10 kwa 0 kuitoa Maus darasani, ile ya Art Spiegelman inayosimulia baba yake alivyopona kambi za Wanazi, Wayahudi kachora panya na Wajerumani paka. Ni komiki iliyopata Pulitzer 1992. Sababu ni matusi machache na kapicha kadogo ka utupu. Habari ilipoenea watu wakainunua mpaka ikapanda juu kwenye orodha za mauzo. Na kitabu kilichoongoza kwa kulalamikiwa kwenye maktaba nchi nzima miaka mitatu mfululizo, 2021, 22 na 23, nacho ni cha katuni, Gender Queer.

Kwangu alikuja mzazi mmoja ana karatasi amechapa, picha mbili zimekatwa kutoka kitabu cha kurasa mia mbili na ushee. Nikamuuliza mama umekisoma? Akasema picha zinatosha. Nimelifikiria sana lile neno. Kitabu cha maneno matupu inabidi ukisome ndo ukasirike. Picha unaikasirikia ukiwa mlangoni. Nafikiri ndo maana kila kizazi wanaanza na komiki.

Kizibo
Hii ya dada Mkutubi ndo hoja nzito mpaka sasa na inanirudisha nilikotoka. Angalieni, mnachothibitisha wote ni kwamba komiki zinaOGOPWA. Kuogopwa siyo kubadilisha. Bibi yangu alikuwa anaogopa bundi.

Mzawa_wa_Keko
😂😂 Kizibo bana. Bundi hajawahi kuchapwa nakala laki mbili na nusu.

Nyangumi254
Sasa nyinyi watu mnaongea America mpaka post ya kumi na saba hakuna mtu amemtaja Storm na ni msichana wetu! Mama yake ni Mkenya, imeandikwa. Kwa X-Men ya 1975 Professor X anamtoa huku Kenya. Na yule shujaa Black Panther walimpa jina la kile chama cha Black Panther cha Oakland, siasa ya watu weusi moja kwa moja. Halafu 2018 sinema ikatoka na Lupita ndani, wasee hapa walivaa vitenge na shanga kwenda kuiona kama ni harusi.

MwalimuTosha
Nyangumi karibu ila tarehe tena. Black Panther wa komiki alitoka Fantastic Four ya Julai 1966, chama cha Oakland kilianzishwa Oktoba 1966. Katuni imetangulia. Ila na chama hakikuiga katuni, walichukua alama ya chui mweusi kutoka chama cha wapiga kura weusi cha kaunti ya Lowndes, Alabama. Majina yaligongana tu. Na mgongano huo uliwapa Marvel, wachapishaji wake, homa, mwaka 1972 wakambadilisha jina akaitwa Black Leopard, halafu wakaliacha haraka.

Nyangumi254
Sawa mwalimu nimekubali hiyo. Ila niseme kitu juu ya Storm kwa sababu mimi nilimpenda sana nikiwa mdogo, binamu alikuwa amenitumia hiyo komiki. Ile page yake ya kwanza watu wa kijiji wamepiga magoti wanamuomba mvua kama mungu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikauliza mama, sisi huwa tunapigia watu magoti hivi? Akacheka akasema hiyo ni Kenya ya mtu hajawahi kuja. Yaani walitupatia shujaa na kijiji cha uongo kwa page moja. Mtoto wa Chicago akiona hiyo akue mkubwa awe congressman akipiga kura ya msaada wa Africa ni kijiji gani ako nacho kwa kichwa? Hiyo pia si influence?

BintiUkwaju
Wallahi hapo umesema Nyangumi.

MtuWaDallas
Wakuu niingize la huku ninakoishi. Mnajua lile fuvu la Punisher? Meno marefu meupe kwenye nyeusi. Huku Texas nalikuta kwenye magari kila siku, kwenye fulana, nimeliona na kwenye kifaa cha askari aliyenisimamisha barabarani usiku, alikuwa na adabu, kaniangalia leseni kaniachia, ila macho yangu hayakutoka kwenye lile fuvu.

Nilikuja kusoma nani kalibuni. Punisher katoka 1974 kwenye Spider-Man, kama ADUI, mwandishi ni Gerry Conway. Conway mwenyewe amesema mara nyingi kwamba polisi kuvaa fuvu lile ni kosa kubwa kwa sababu Punisher ni mtu anayeua kwa kuwa haki imeshindwa, sasa wewe ndo haki unavaaje alama ya kushindwa kwako. Mwaka 2019 wakaandika ndani ya komiki yenyewe, askari wawili wanamwambia Punisher tunakuhusudu, anaichana stika yao anawaambia mkitaka wa kuiga yupo Captain America. Hakuna aliyesikia. Januari 6, 2021 pale Capitol, jengo la bunge lao, fuvu lilikuwepo kwenye nguo za wavamizi. 2022 Marvel wakambadilishia nembo.

Kwa hiyo swali la Mzawa mi nalijibu hivi, komiki ina nguvu ila mwenye nguvu siyo mwandishi. Ikishatoka mkononi mwake imetoka.

Mzee wa Kahawa
Vijana shikamooni siwaamkii kwa kuwa ni wadogo zangu wote hapa. Ninyi mnaongelea mashujaa wanaoruka. Mimi komiki ya Kimarekani ya kwanza kushika maishani nilipewa stendi ya Moshi mwanzoni mwa miaka ya 90, kijitabu kinaenea kiganjani, nyeupe na nyeusi, Kiswahili. Mtu kasimama na glasi mkononi anakufa ghafla, malaika anampandisha, anaonyeshwa maisha yake yote kwenye skrini kama sinema, pamoja na yale aliyodhani hakuna aliyeona. Sikulala siku mbili.

Baadae sana ndo nikajua ni kazi ya Jack Chick wa California, aliyefariki 2016. Na yeye mwenyewe alieleza kwamba wazo lilimjia aliposikia wakomunisti wa China wanawavuta vijana kwa vijitabu vya picha. Akasema basi na sisi tuwavute kwa Injili. Vingine aliwashambulia Wakatoliki vibaya mpaka Wakristo wenzake wakagombana naye. Sasa hao wa Captain America wamenifikia lini mimi? Chick alinifikia stendi, bure, bila kuuliza kama nina hela.

Kizibo
Shikamoo mzee. Kisa chako kizuri, kinaongeza maelezo mengine, kwamba anayefika bure ndo anayeshinda. Hata kile cha King kilipita makanisani, hakikungoja meza ya muuza magazeti.

Ila naomba niseme la soko maana mnalikwepa. Spider-Man wa 1971, matoleo ya 96 mpaka 98, habari ya madawa ya kulevya. Wizara ya afya ya Rais Nixon ndo iliyomwandikia barua Stan Lee wa Marvel ikiomba onyo kwa vijana. Code ikakataa kwa kuwa wasimamizi wake walikuwa hawaruhusu kutaja madawa hata kuyakemea. Marvel wakatoa bila muhuri, yakauzika vizuri, na mwaka huohuo Code ikalegezwa. Mnaona mpangilio? Serikali imeomba, wateja wamenunua, ndipo kanuni ikalegea. Komiki ni kinyonga, inakaa kwenye tawi la rangi gani.

Fundi Rangi
Kizibo kinyonga wako aliruka mwaka 1974. Steve Englehart anaandika Captain America wakati Watergate, ile kashfa ya Nixon, iko kila televisheni. Cap anamfukuza kiongozi wa genge la siri mpaka ndani ya White House, anamfunua uso, msomaji haonyeshwi ni nani ila ofisi ni ile, na mtu anajipiga risasi palepale. Toleo la Julai 1974. Nixon kajiuzulu Agosti 9. Cap anavua bendera, anaacha kazi, anajiita Nomad, mtu asiye na nchi. Serikali ipi iliandika barua kuomba hiyo?

Na 2007 walimuua kabisa, kapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama baada ya kugombana na serikali kuhusu sheria ya kuwasajili mashujaa, wakati nchi inabishana Patriot Act, ile sheria ya kupambana na ugaidi. Sisi tumekua tunajua steringi hafi. Nilikaa na lile toleo mapajani kama nimepewa taarifa ya msiba. Alirudi baadae najua, ila siku ile hakuwa anarudi.

BintiUkwaju
Nami niweke langu la mwisho nikapike. San Francisco, Januari 2015, kulikuwa na matangazo kwenye mabasi yanawafananisha Waislamu na Wanazi. Asubuhi moja watu wakakuta yamebandikwa juu picha za Kamala Khan, yule Ms. Marvel wa 2014, binti wa Kipakistani wa Jersey City. Hakuna kampuni iliyotuma, walikuwa wasanii wa mtaani. Mimi nina binti anavaa hijabu anasoma nje, nilimtumia zile picha. Akaniandikia, mama nimepanda basi leo. Ndo hivyo tu aliandika.

MtuWaDallas kasema ikishatoka mkononi imetoka. Kweli, ila mara nyingine inaangukia mikono mizuri.

Mzawa_wa_Keko
Dada hiyo imenikaa.

Wakuu nashukuru, nimejaza daftari. Niongeze kitu nilichosahau mwanzo. John Lewis uzeeni alitoa komiki zake mwenyewe, March, vitabu vitatu kuanzia 2013, akiwa na Andrew Aydin na mchoraji Nate Powell, cha tatu kikachukua National Book Award 2016. Na 2015 alikwenda tamasha la komiki San Diego, pale watu wanakovaa kama mashujaa wao. Yeye akavaa koti na begi la mgongoni kama aliyovaa Selma. Siku ile ya 1965 ndani ya begi kulikuwa na vitabu viwili, chungwa, tofaa na mswaki, kwa sababu alijua atalala jela. Mzee wa miaka 75 akatembea ukumbini na watoto wamemshika mikono nyuma yake mstari mrefu. Mwenyewe hakuwa na wasiwasi kijitabu kilimfanya nini. Kizibo wewe ndo unao.

Kizibo
Ninao bado 😄 Shahidi wako anajisemea mwenyewe. Waliokisoma wakakitupa hawajaandika vitabu vitatu.

Dogo_wa_Keko
Habari zenu, mimi ndo mdogo mtu nimefungua akaunti leo. Kaka alinitumia kile kijitabu, nimekisoma chote jana usiku, Kiingereza chake chepesi. Sijabadilika msimamo ila kuna kitu. Kwenye zile kurasa za mwisho wanakwambia ukae chini wewe mwenyewe uwazie mtu anakutukana na kukupiga, ujizoeze kabla. Nikajaribu. Niliweka simu chini nikamfikiria jamaa mmoja wa shuleni kwetu ambaye huwa ananifanyia. Sikufika hata dakika moja nikawa nimekunja ngumi.

Sasa nauliza wakubwa, wao walijizoeza muda gani mpaka wakaweza?

MwalimuTosha
Karibu sana dogo. Wanafunzi wa mji wa Nashville walifanya hivyo vikao vya mazoezi chini ya kanisa majira ya vuli yote 1959, James Lawson ndo mwalimu wao, Lewis akiwemo. Wanamwagiana maji, wanapuliziana moshi wa sigara usoni, wanasukumana kwenye viti. Kaunta zenyewe, zile za chakula zilizokataa kuhudumia watu weusi, walizikalia Februari 1960. Kwa hiyo miezi, siyo usiku mmoja. Rudia kesho.